Kiondo cha susu kimebaki nusu, nimalizie ama nipeleke Kariokor?

binti_wa_umoja
Wadau habari zenu. Susu yangu, yaani nyanya, wa Kangundo macho yamekataa, ni miaka miwili hajashika uzi. Juzi nikiwa ushago akanitolea sandukuni kiondo alichoacha katikati, kitako kimeisha, ubavu umepanda kama shibiri moja na nyuzi zinaning'inia zote kama nywele, akasema chukua umalizie wewe maana mama yako alikataa. Yeye alifunzwa na mama yake wakichunga mbuzi, mimi nakaa orofa ya nne na hata sweta sijawahi fuma!! Naona afadhali mafundi wa soko la Kariokor hapa Nairobi wamalize waweke na mshipi wa ngozi, nimrudishie. Itakuwa ngapi?

fundi_ngozi
Dada mimi niko hapo Kariokor. Viondo vingi tunaletewa kutoka Ukambani vikiwa vimeshasukwa, kazi yetu ni mishipi, kitambaa cha ndani, zipu. Kumalizia kiondo cha mtu ni ngumu, kila mama anasokota uzi wake, wa mwingine utakuwa mnene kidogo na itaonekana tu. Lete kikiisha, bei tutaongea, inategemea ngozi.

mamake_pacha
Usiogope, kitako ndio kigumu na susu ameshakutolea hiyo shida. Hapo ubavuni huongezi tena nyuzi za kusimama, unachukua mbili za kusukia, moja ipite mbele ya uliosimama nyingine nyuma, unazipishanisha, unavuta, unaenda kwa unaofuata, mzunguko hivyo mpaka mgongo ulie. Usivute sana, mdomo utafunga uwe chungu. Mkonge wa miaka miwili umekauka utakatika, uloweshe kidogo kwanza. Ukiishiwa na uzi unasokota kwa paja, mamangu alikuwa anapaka majivu, mimi nilijifanya mjuaji nikasokota bila, nywele za mguu zote ziliondoka nikavaa suruali wiki nzima 😂 Ukifika juu zile ncha zisuke ziwe ukingo.

mtu_wa_wamunyu
Kwetu ni vinyago. Si mnajua ile stori ya Mutisya Munge, alijifunza kwa wachongaji wa huko Tanganyika wakati wa vita ya kwanza ya dunia akarudi nayo Wamunyu, basi babu alichonga, baba akachonga akaja nayo Gikomba, mimi nauza simu. Baba alipoaga aliacha twiga hajamaliza miguu, tukampa jirani, mtu mzuri na anajua kazi, akamaliza, akapiga msasa, akapaka polishi ya viatu, sasa ni kama wale wengine wote wa Maasai Market. Kila nikimwangalia natafuta pale baba aliishia na sipaoni. Usipeleke.

binti_wa_umoja
Haya nimewasikia. Jana usiku nimesuka safu tatu na zote zimelala upande ule mwingine, hazifanani na za susu hata kidogo. Nikampigia, akaniuliza unavuta na mkono gani, nikasema wa kulia, akacheka mpaka akakohoa. Kumbe yeye ni wa kushoto na miaka yote sijawahi kuona. Sasa nifumue nianze tena na kushoto ama?

mamake_pacha
Usifumue!!

fundi_ngozi
Wacha hivyo hivyo. Mshipi wa rangi gani, kahawia ama nyeusi?