Naombeni ushauri: binti yangu na kitabu cha Kamala Khan

Assalaam aleikum ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 11. Shangazi yake amemletea kitabu cha kwanza cha katuni za Ms. Marvel, yaani Kamala Khan, msichana Mwislamu wa miaka 16 wa Jersey City, Marekani, ambaye wazazi wake wanatoka Pakistani. Zilianza kutoka mwaka 2014, na mwandishi wake, G. Willow Wilson, naye ni Mwislamu.

Nimekisoma chote kabla ya kumpa. Kuna mahali pamenigusa mno: msichana anayemdharau Kamala anatumbukia majini usiku. Kamala anaikumbuka aya ya Suratul Maida, kwamba anayeokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Kwa nguvu zake mpya za ajabu za kubadili mwili, mkono wake unakuwa mkubwa mno, anamchota mwenzake kutoka majini. Binti yangu hajawahi kumwona shujaa wa katuni anayewaza aya ya Qur'ani!

Tatizo ni jinsi Kamala alivyofika pale. Baba yake alimkataza kwenda kwenye sherehe yenye wavulana na pombe, naye akatoroka nyumbani. Tena anaendelea kuwaficha wazazi wake mambo mengi. Mama mkwe anataka nikirudishe, mume wangu haoni ubaya.

Wazazi mliokwisha kuwapa watoto wenu, walikuwa na umri gani? Nikisome naye, ukurasa kwa ukurasa, au nikiweke kabatini kwanza? Na lile la kutoroka mlilizungumzaje? Kila jioni ananiuliza kiko wapi, nami sitaki kumdanganya.