Nimeuziwa gari la cc 1500 lenye injini ya cc 1300, na muuzaji ananiuliza "si linatembea?"

Wakuu, nina hasira hadi vidole vinatetemeka, kwa hiyo nikikosea herufi mnisamehe.

Miezi miwili iliyopita nilinunua gari la mkononi. Kwenye kadi injini imeandikwa 1NZ, yaani ile ya cc 1500. Aina ya gari siitaji kwa sababu kiwanda hakijanikosea chochote, na wanaozijua herufi hizo wameshaelewa. Mwenye gari aliapa mbele yangu kwamba injini "haijawahi kuguswa hata nati". Dashibodi inasoma kilometa 92,000, bodi safi, viti safi. Nikalipa.

Wiki ya kwanza tu nikaona gari zito. Nikiwa peke yangu linakwenda. Nikipakia watu wanne, kwenye kilima cha kawaida nakanyaga mafuta hadi chini na bado linalia kama limefungwa kamba nyuma. Nikajidanganya: labda plagi, labda filta. Nikabadilisha plagi, nikabadilisha filta zote, kila kitu kikaingia sawasawa. Laiti kimoja kingekataa kuingia, ningeshtuka mapema.

Hapo ndipo penye ujanja wenyewe. 1NZ na 2NZ ni ndugu wa tumbo moja. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 75. Kinachotofautiana ni safari ya pistoni: kwenye 1NZ inasafiri milimita 84.7, kwenye 2NZ milimita 73.5. Basi moja inakuwa 1500 na nyingine 1300. Ukifungua boneti unaona sura ileile, kifuniko kilekile, na vipuri vingi vinabadilishana. Mtu akitaka kukuuzia mbuzi kwenye gunia, hili ndilo gunia.

Kilichomuumbua ni oili. Muda wa sevisi ulipofika nikamwaga ile niliyoikuta, ikatoka nzito kama asali. Nikaweka 5W-30 inayotakiwa. Asubuhi ya tatu nikawasha gari, moshi wa bluu ukafunika ukuta wa nyumba. Nikapima kwa dipstiki, kiwango kimeshuka. Kumbe oili nzito ilikuwa inaziba aibu: ringi zinazoziba pembeni ya pistoni zimekwisha, na oili nzito haipenyi haraka kama nyepesi.

Nikampelekea fundi mwingine, mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Alichukua brashi na petroli, akasugua kwenye bloki, akaniita nisome mwenyewe. Namba inaanza na 2NZ. Nikatoa kadi, inasema 1NZ. Mzee akafuta mikono akasema, "Hii si injini ya gari hili, kijana," akaendelea na kazi yake kama vile ameniambia tairi halina upepo.

Mtaniambia ningeenda na fundi siku ya kununua. Nilienda naye! Ila alikuwa fundi aliyeletwa na dalali, na mjinga ni mimi. Alikagua nini? Alipiga mateke matairi, akawasha redio, akasikiliza injini inayonguruma, akasema "gari limenyooka". Namba ya chesisi aliisoma. Ya injini hakuinama hata kuitafuta, na sasa najua kwa nini.

Tena dalili zilikuwepo zote, leo nazikumbuka moja moja usiku nikiwa macho. Nilipofika, injini ilikuwa imeshapashwa moto. Alisema ametoka kuzungusha gari kidogo ili nisisubiri. Nikamshukuru! Injini ikiwa ya moto inaficha mengi: moshi wa kuwashia asubuhi, mlio wa cheni kabla oili haijapanda, mtetemo. Sehemu ya injini ilikuwa imeoshwa inang'aa, ilhali chini ya mazulia ya gari kuna vumbi la miaka. Boliti za mauntingi, vile vishikizo vya injini, zilikuwa na mikwaruzo mipya ya spana. Waya fulani zilifungwa kwa utepe mweusi. Na ubavuni mwa injini kulikuwa na maandishi ya rangi nyeupe, tarakimu tatu na mstari, kama yale wanayoandika kwenye injini zilizong'olewa kwenye magari ya kuchinjwa zikipangwa kusubiri wateja. Mimi nilidhani ni alama za kiwandani.

Hata mashine ya kupimia kompyuta ya gari ingenisaidia kama ningejua kuuliza. Kumbe mtu akifuta kumbukumbu za hitilafu kwenye kompyuta hiyo, gari linaanza upya kujipima lenyewe, na mashine inaonyesha kwamba vipimo vile bado havijakamilika. Gari linaloendeshwa kila siku halipaswi kuwa hivyo bila sababu. Fundi wa dalali alinionyesha kioo cha mashine kisicho na kosa hata moja, nikafurahi kama mtoto.

Sasa mnielewe vizuri, maana kuna watu wataruka hapa kusema injini kubadilishwa si dhambi. Sijasema ni dhambi. Injini nzuri ikifungwa vizuri, karatasi zikawekwa sawa, gari linaweza kuwa bora kuliko lilivyokuwa. Ningeambiwa, ningepima, ningepatana bei, labda bado ningelichukua. Ninachokiona ni wizi ni zile kilometa 92,000. Zile ni za bodi. Injini hii imetembea ngapi? Imetoka kwenye gari lililogonga? Lililozama kwenye maji? Liliibiwa? Dashibodi haijui na haitakaa ijue. Nimelipia historia ya injini ambayo haimo kwenye gari.

Mzee alipima kompresheni, yaani nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Silinda tatu kati ya nne zilisoma psi 170 na kitu, iliyobaki, ile ya tatu kutoka kwenye cheni, ikasoma 115. Akadondoshea oili kidogo kwenye tundu la plagi, akapima tena, ikapanda hadi 150. Maana yake shida ni ringi, hewa inapita pembeni ya pistoni. Ingekuwa ni valvu, oili isingebadilisha kitu. Kwa hiyo hata hiyo 1300 niliyopachikwa yenyewe ni mgonjwa.

Nikampigia muuzaji. Simu ya kwanza: "Haiwezekani, labda fundi wako amesoma vibaya." Nikamtumia picha ya bloki. Simu ya pili: "Aah, hiyo itakuwa ilibadilishwa na mwenye gari kabla yangu." Yule yule aliyeapa haijaguswa hata nati! Simu ya tatu ndiyo ile ya "si linatembea?" Baada ya hapo hapokei. Dalali yeye anasema kazi yake iliishia kwenye kukutanisha watu.

Na siwezi kuliuza. Hata ningekuwa na roho mbaya ya kumsukumia mwingine, namba ya injini hailingani na kadi. Kwenye ukaguzi wa kubadilisha umiliki nimekataliwa papo hapo, nikaangaliwa kama mimi ndiye mwizi. Nikipata ajali, bima wana sababu tayari ya kunisumbua: waliandikishiwa injini nyingine. Askari akiamua kuinama kusoma bloki barabarani, nitaanza kujieleza mimi.

Nilichoambiwa ni kwamba injini inaweza kuingizwa kwenye kadi kihalali, ila lazima nionyeshe ilikotoka: risiti ya aliyeinunua, au karatasi za gari ilimotolewa. Bila hivyo hata nikifungua ringi zote nikaweka mpya, nitakuwa natengeneza injini isiyo na mwenyewe. Chaguo lingine ni kutafuta 1NZ yenye karatasi zake na kushusha hii, gharama juu ya gharama.

Kwa aliyewahi kupita hapa: ulimbana muuzaji kwa kutumia nini? Makubaliano yetu ya maandishi yametaja namba ya injini ile ya kwenye kadi, na amesaini chini yake.

Na wewe muuzaji, najua unapita humu maana gari lenyewe ulilitangaza humu humu. Fedha tutazidaiana mbele ya wanaohusika. Ila risiti ya hiyo injini, kama uliinunua kihalali, nitumie leo. Picha ya simu inatosha.