Nyumba ya kwanza ya kupangisha hapa Lubumbashi, niweke 18.000 yangu wapi?

Mwana Kampemba
Jambo bandugu. Niko na dola 18.000 nimeweka kidogo kidogo, nataka ninunue nyumba ya kwanza ya kupangisha, siyo ya kuishi. Kuko komisionere (dalali) ananionyesha nyumba ya vyumba tatu Kisanga, 30.000, mupangaji mwenye kuwa ndani analipa 300 kwa mwezi. Benki inakubali kunikopesha 12.000 ya kulipa miaka tatu, inakuja kama 430 kila mwezi. Bibi yangu anasema tuchukue mbio kabla ya mutu mwingine. Munaonaje?

Yaya Kafubu
Leki, hesabu umeiandika weye mwenyewe, isome tena. Nyumba inaleta 300, benki inakamata 430. Kila mwezi unatoa 130 mufukoni, na hapo hatujataja kodi ya mukoa, ile IRL, 22 kwa mia juu ya loye (franga ya kupanga), kwa 300 ni 66 hiyo. Mupangaji akitoka benki haitakuuliza kama kuko mwingine. Miaka tatu utakuwa unalisha nyumba. Mwenye mushahara munene anaweza kuvumilia, lakini weye umeomba nyumba yenye kukuletea franga.

Mama wa Milango Tatu
Acha mukopo. Mi ningetafuta lupangu (kiwanja) ndogo yenye annexe, vyumba vya pembeni vya kupangisha, bei ya 18.000 yako ao chini yake, upande wa Kasapa ambako banafunzi ba UNILU (chuo kikuu ya Lubumbashi) banatafuta chumba. Tuseme milango tatu, kila mulango mupangaji wake, ya 80, ni 240 kwa mwezi, 2.880 kwa mwaka. Mulango moja ukikaa wazi miezi mbili (banafunzi wakati wa likizo banarudia kwao, hiyo ijue mbele) unabaki na 2.720. Toa kodi, toa 300 ya kurekebisha mabati na pompe, inabaki kama 1.800, yaani 150 kwa mwezi yenye iko yako kweli. Iko kidogo kuliko 300 ya Kisanga kwa maneno, lakini inaingia.

Na usinunue kabla ya kuangalia mayi. Enda saa kumi na mbili asubui bila komisionere, fungua robine weye mwenyewe. Kuko lupangu moja nilipendaga sana, kufika pale robine ya Regideso, kampuni ya mayi, ina kutu, imekauka, na mabidon ya njano yamepangwa kwa mulango ya jirani mwenye foraji (kisima ya kuchimba). Nikaondoka. Hata kashi pawa (mita ya umeme ya kulipa mbele) uulize, kila mulango iwe na yake, bila hivyo mwenye resho (jiko ya umeme) na mwenye ampuli peke yake watagombana na watakuita weye kila siku.

Kijana wa Katuba
Mayi sawa, ila makaratasi njo ya kwanza. Tangu sheria ya 1973 udongo ni wa Serikali, weye unanunua haki juu yake, na karatasi yenye kuonyesha hiyo haki ni sertifika d'anrejistrema. Muuzaji akikuonyesha fishi ya commune peke yake na kusema "ni sawasawa", mwambie asante. Peleka namba kwa konservateri, mukubwa wa Serikali mwenye kuchunga hizo sertifika, uone jina gani iko mule. Kama ni jina ya marehemu, omba kuona batoto bote, siyo ule moja mwenye haraka ya kuuza.

Mwana Kampemba
Asanteni. Kisanga naacha, bibi atakasirika kidogo. Sasa, garanti ya bapangaji, franga banaacha mbele ya kuingia, naweza kuitumia kujenga mulango ya ine?

Yaya Kafubu
Hapana, hiyo siyo yako. Sheria ya Desemba 2015 inasema nyumba ya kulala garanti isipite miezi tatu, na mutu akitoka bila deni wala kuharibu, unarudisha. Batu bengi huku banaomba sita na kuikula yote, kisha mupangaji akitoka banaanza kuhesabu misumari kwa ukuta. Weye weka yako pembeni. Mulango ya ine ijengwe na hiyo 150.