Programu ya DOS ya chama cha msingi haifunguki kwenye Windows 11, msaada tafadhali

KaraniUrambo

Wakuu, habari za jioni. Chama chetu cha msingi cha tumbaku huku Urambo kina programu ya daftari la wakulima: pembejeo alizokopa mtu, kilo za marobota aliyouza, madaraja, makato na salio. Iko kwenye kompyuta ya zamani yenye Windows XP. Sasa tumepata mpya, Core i3, RAM GB 8, Windows 11. Folda yote ya C:\TUMBAKU nimeihamisha, lakini nikibofya TUMBAKU.EXE inaleta "This app can't run on your PC". Nimeweka Compatibility ya XP, nikaweka ya Windows 95, nikaendesha kama administrator. Jibu ni lile lile.

Ndani ya folda kuna hiyo EXE, mafaili mengi ya .DBF na .NTX, na machache ya .DBT. Skrini yake ni ya bluu, maandishi matupu, mausi haifanyi kazi. Stakabadhi zinatoka kwenye Epson LX-300, karatasi ya nakala tatu. Mizani inaingiza uzito kupitia tundu la pini 9 nyuma ya kompyuta. Hii mpya haina tundu hilo wala lile refu la printa.

Aliyeiandika hapatikani na source code haipo. Masoko yanakaribia kufunguliwa. Je, nikishusha Windows 10 itakubali?

FundiUjiji

Mkuu, Windows 10 usihangaike nayo. Mafaili ya NTX (faharasa) na DBT (maelezo marefu) yakikaa pamoja na DBF (data yenyewe), hiyo karibu hakika imeandikwa kwa Clipper, lugha ya zamani ya programu za kumbukumbu, yaani ni programu ya DOS ya biti 16. Windows ya biti 64, iwe 7, 10 au 11, haina kabisa kipande kinachoitwa NTVDM ambacho ndicho kilichokuwa kinaendesha DOS ndani ya XP. Prosesa ikiwa katika hali ya biti 64 haina tena ile njia ya kuigiza 8086 (prosesa ya enzi za DOS) ambayo NTVDM iliitegemea. Windows 10 ya biti 32 ingekubali, ila haitumii zaidi ya GB 4 za RAM, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 ya biti 32 haipo.

Compatibility nayo haiwezi kukusaidia hapa. Kazi yake ni kuidanganya programu kuhusu toleo la Windows na kubadilisha tabia chache. Kipande kisichokuwepo haikileti.

Ukitaka uhakika, fungua nakala ya EXE kwa Notepad (nakala, si yenyewe, na usisevu). Herufi mbili za kwanza zitakuwa MZ. Katika mistari ya juu tafuta PE: ukiiona, ni ya biti 32 au 64 na tatizo lako lingekuwa jingine. Ukiona NE, ni ya Windows za zamani za biti 16. Usipoona yoyote, ni DOS tupu.

Dawa yake ni DOSBox-X, programu inayoigiza kompyuta ya DOS ndani ya Windows. Angalia hiyo X mwishoni. DOSBox ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, na uchapishaji hawakuujali.

Kwanza data. Funga programu kwenye XP kabisa ndipo unakili. Ukinakili ikiwa wazi, DBF na NTX zitapishana, na ukifungua upande wa pili utakutana na "Corruption detected". Flashi za siku hizi za GB 64 huja na exFAT, na XP haiioni bila nyongeza maalumu, kwa hiyo tumia ndogo ya FAT32. Kuunganisha XP na Windows 11 kwa waya wa mtandao kutakupotezea siku nzima, maana XP inajua SMB1 tu, njia ya zamani ya kushirikiana mafaili, na Windows 11 imeizima.

Kwenye kompyuta mpya tengeneza C:\DOS, ndani yake weka folda ya TUMBAKU. Usiiweke ndani ya Program Files, huko Windows huzuia programu kuandika. Sakinisha DOSBox-X, fungua dosbox-x.conf kwa Notepad, nenda sehemu ya autoexec chini kabisa, andika:

mount c c:\dos
c:
set CLIPPER=F:100
cd tumbaku
tumbaku

Usiandike mount c c:\ ukaipa diski nzima. Programu ya DOS haina adabu, ipe folda yake tu. Mstari wa CLIPPER unairuhusu kufungua mafaili mengi kwa pamoja. Ukiusahau, inaweza kufunguka vizuri kabisa halafu ikafia kwenye ripoti kubwa kwa "Open error" na mwishoni "DOS Error 4". Hiyo 4 ina maana mafaili yaliyofunguliwa yamezidi. Ukiona DOS Error 2, faili halipo mahali linapotafutwa: angalia kama programu inataka njia kamili kama C:\TUMBAKU\DATA, maana mafundi wengi waliandika njia moja kwa moja ndani ya EXE. Ndiyo sababu nimekwambia jina la folda lisibadilike.

Sehemu ya cpu weka cycles=fixed 20000. Ukiacha max, programu ikikaa tu kusubiri mtu abonyeze kitufe itakula prosesa na feni italia kama mashine ya kusaga.

Ikifunguka, kabla ya kuingiza chochote, tafuta kwenye menyu yake sehemu ya kupanga upya faharasa, mara nyingi huandikwa Reindex. Iendeshe mara moja. Usifute NTX kwa mkono, baadhi ya programu hazijui kuzitengeneza upya.

MwanaUyui

Naongezea upande wa printa, kwani hapo ndipo wengi hukwama.

LX-300 ile ya kwanza haina USB (LX-300+II inayo). Utahitaji waya wa USB kwenda tundu la pini 36 la printa. Waya huo hautengenezi LPT1 (jina la lile tundu refu la printa) hata muuzaji akikuapia. Windows itaipa printa tundu linaloitwa USB001, na programu yako inaijua LPT1 peke yake.

Ongeza printa kwa dereva ya Generic / Text Only, ichague USB001, kisha ishiriki mtandaoni kwa jina fupi lisilo na nafasi, tuseme LX300. Fungua Command Prompt ya kawaida, SI ya administrator, kisha andika:

net use lpt1: \\localhost\LX300 /persistent:yes

Ukiifanya kama administrator, itakubali vizuri tu, lakini DOSBox-X inayofunguliwa kwa njia ya kawaida haitaiona LPT1 hiyo. Ikikujibu System error 67, jina la kushiriki umelikosea.

Kisha ndani ya dosbox-x.conf, sehemu ya parallel:

parallel1=file dev:lpt1 timeout:2000

Hizo 2000 ni milisekunde. DOSBox-X ikikaa muda huo bila kupokea kitu, inahesabu stakabadhi imeisha na kuiachia printa.

Kuna njia nyingine ya parallel1=printer, ambayo DOSBox-X yenyewe inajifanya Epson na kuchora ukurasa. Kwa printa ya leza ni nzuri. Kwa dot matrix na nakala tatu achana nayo: stakabadhi inachapwa kama picha, pole pole, utepe unaisha haraka na nakala ya tatu haisomeki. Kwa njia ya dev:lpt1 baiti zinapita kama zilivyo, pamoja na ile namba 15 ambayo Epson wanaitumia kubana herufi ili safu 132 zienee kwenye karatasi ndogo. Ukiona mistari inavunjika katikati na makato yanaangukia mstari wa pili, ujue hiyo 15 imepotea njiani. Kwa kawaida ni kwa sababu mtu amechagua dereva nyingine akaacha Generic.

KaraniUrambo

Programu imefunguka, wakulima wote wamo! Stakabadhi nayo imetoka, safu zimekaa sawa. Asanteni sana. Imebaki mizani. Dukani Tabora mjini wana waya wa USB kwenda pini 9, haukuandikwa chochote. Ninunue?

WayaNaBodi

Ndugu, usinunue kabla hujajua chipu yake. Nyingi za bei rahisi ni PL2303 za zamani au za kughushi. Ukizichomeka kwenye Windows 11, kwenye Device Manager inajitokeza alama ya njano na maneno PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012, PLEASE CONTACT YOUR SUPPLIER. Wewe unadhani waya umeungua, kumbe dereva mpya imeikataa chipu kwa makusudi. Chukua yenye FTDI. Ukiikosa, CH340 inatosha kwa mizani. Mwombe muuzaji auchomeke kwenye laptop yake uone jina linalojitokeza ndipo utoe hela.

Ukishauchomeka, Windows inaweza kuupa COM7 au COM12 (COM ndiyo majina ya matundu ya pini 9). Nenda Device Manager, Ports, bofya kulia, Properties, Port Settings, Advanced, uibadilishe iwe COM3. DOSBox-X haidai namba ndogo, ila kila ukihamisha waya kwenda tundu jingine la USB namba huweza kubadilika, kwa hiyo chagua tundu moja ulitie alama kwa rangi ya kucha.

Jaribu mizani nje ya programu kwanza. Fungua PuTTY, programu inayoonyesha kinachoingia kwenye tundu, chagua Serial, COM3, kasi 9600, biti 8, parity None, stop 1. Weka kitu kwenye mizani. Namba zikija safi, umemaliza. Zikija herufi za ajabu, kasi au parity siyo: jaribu 4800, 2400, na biti 7 kwa parity Even, ambayo mizani nyingi za zamani hupenda. Lakini vipimo vya kweli viko kwenye menyu ya kiashiria cha mizani, anzia huko. Isipokuja hata herufi moja, huenda mizani inasubiri kitufe cha Print kibonyezwe, au pini 2 na 3 zimepishana na unahitaji waya wa null modem, unaozibadilishana pini hizo. Waya uliokuwa kwenye XP usiutupe! Chomeka huo huo kwenye kibadilishi, kwani tayari una mpangilio sahihi.

Halafu funga PuTTY. Tundu la COM hushikwa na programu moja tu kwa wakati. Kwenye dosbox-x.conf, sehemu ya serial:

serial1=directserial realport:COM3

Programu itaiona kama COM1, bila shaka ndivyo ilivyokuwa zamani. Ikiwa ilikuwa COM2, andika serial2.

Kitu cha mwisho: kwenye Power Options zima USB selective suspend. La sivyo, foleni ikisimama kidogo, Windows inaulaza waya na robota linalofuata halisomeki.

Sikonge_IT

Kwa nini mnamzungusha hivyo? Asakinishe VirtualBox, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya Windows 11, ndani yake Windows XP, RAM MB 512, diski GB 10, kila kitu kinabaki kama alivyozoea. Awashe tu VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha kompyuta ya kuigiza, kwenye BIOS.

FundiUjiji

Inawezekana, na kwa programu za biti 32 zinazodai XP hasa ningemshauri hivyo hivyo. Kwa hii naona ni mzigo. Leseni ya XP iliyokuja na kompyuta ya zamani ilifungwa na kompyuta ile. Kwenye printa, VirtualBox haitampa LPT1 iliyounganishwa na USB001, itabidi aipitishe USB yenyewe ndani ya XP atafute na dereva ya waya.

Halafu kuna mtego wa snapshot, ile nakala ya hali nzima ya mashine unayoweza kuirudia. Karani akiona kitu kimeharibika, atabofya Restore, na XP itarudi ilivyokuwa Jumatatu. Data nayo itarudi Jumatatu, maana DBF ziko ndani ya diski hiyo hiyo. Wakulima waliopima Jumanne na Jumatano wamefutika bila ujumbe wowote wa kosa. Ukiamua VirtualBox, usitumie snapshot kama akiba ya data.

KaraniUrambo, akiba yako iwe hivi: kila jioni funga programu, kisha endesha faili la .bat lenye mstari huu, E ikiwa ni flashi:

robocopy C:\DOS\TUMBAKU E:\AKIBA\%date:/=-% /E

Kila siku inapata folda yake (kama tarehe ya Windows yako inaanza na jina la siku, ibadilishe kwenye Region iwe fupi). Tumia flashi mbili kwa zamu, moja isilale ofisini. Na UPS ni lazima kama siyo laptop. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, DBF mara nyingi inapona lakini NTX haiponi, na hapo unarudi kwenye Reindex.

KaraniUrambo

Nimeelewa. Bodi inataka orodha ya madeni kwenye Excel. Naweza kufungua DBF moja kwa moja?

MwanaUyui

Fungua nakala iliyo kwenye AKIBA, kamwe si ile ya C:\DOS. Excel inafungua DBF ila haiwezi kuihifadhi tena kama DBF. LibreOffice Calc inaweza, na hapo ndipo hatari ilipo: ukirekebisha salio la mtu mle na kusevu, NTX haijui kilichobadilika, na programu itaanza kuonyesha mkulima huyu kwa jina la yule. Hifadhi kama xlsx, wapelekee bodi.

WayaNaBodi

Kama herufi ni ndogo kwa mzee anayeingiza data, kwenye sehemu ya sdl andika output=ttf. Maandishi yanakuwa makubwa na makali, hayana ukungu. Ukishika F11 ukabonyeza F, inajaza skrini.