"Huna majukumu": kauli inayotukata mshahara wanawake tusioolewa

Wanajukwaa, salaam. Nimesubiri siku mbili kabla ya kuandika ili nisimtukane mtu, lakini hasira bado haijapoa.

Juzi niliitwa kwenye kikao cha tathmini ya utendaji kazi. Meneja alifungua faili, akakiri kwamba malengo yote ya mwaka nimeyafikia na kwamba kwa miezi mitatu nilibeba pia kazi za mwenzangu aliyekuwa likizo, kisha akafunga faili na kusema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba nyongeza itakwenda kwa mwenzangu wa kiume tunayefanya naye kazi ileile, kwa kuwa yeye ana familia "na wewe bado huna majukumu." Kalamu ilikuwa tayari imegusa karatasi. Nilisaini, tena nikashukuru, na shukrani ile ndiyo inayoniuma hadi sasa.

Naomba nielezwe mwanamke anayeishi peke yake katika jiji kubwa anakwepaje majukumu. Mwenye nyumba hapunguzi kodi kwa sababu chumba kina mtu mmoja. Kodi, amana, umeme na fedha ninazowatumia wazazi vyote vinatoka katika mfuko mmoja, na mfuko huo ukitoboka hakuna mshahara wa pili ndani ya nyumba wa kuziba pengo. Ninapopangiwa zamu ya usiku (na hupangiwa mimi kila mara, kwa sababu hiyohiyo ya kutokuwa na majukumu), nalazimika kukodi gari hadi mlangoni, maana kutoka kituo cha basi hadi ninapoishi ni giza tupu na nimeshawahi kufuatwa. Gharama hiyo ya kufika nyumbani salama haionekani katika hesabu ya mwajiri yeyote.

Ningeweza kuivumilia hoja hii ya familia kama ingekuwa inatumika kwa haki, lakini haitumiki hivyo. Mwaka juzi kijana mmoja ambaye hajaoa aliongezwa mshahara, na tukaambiwa kwamba anahitaji kujipanga ili aoe. Dada mwingine, mwenye mume na watoto wawili, alipoomba nyongeza aliulizwa mume wake anafanya kazi gani. Mimi mwenyewe, katika usaili wa kazi hii, niliulizwa kama nina mchumba, kwa sababu waliogopa kumfundisha mtu ambaye baada ya muda mfupi angeomba likizo ya uzazi. Kwa hiyo nilipokuwa naomba kazi, ndoa ambayo sijafunga ilikuwa hatari kwao, na sasa ninapodai stahili yangu, kutofunga ndoa hiyohiyo kumekuwa kosa langu.

Wala hili si jambo ambalo dunia haijalifikiria. Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1951, unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe ujira sawa kwa wanaume na wanawake wanaofanya kazi yenye thamani sawa. Kipimo ni kazi yenyewe. Mkataba Na. 190 wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, unawalinda hata wanaotafuta ajira na walio katika mafunzo kwa vitendo, na unagusa pia safari ya kwenda na kurudi kazini. Nimeyasoma hayo usiku wa manane kwenye simu, nikajisikia mjinga kwa kutoyajua siku nilipokuwa na kalamu mkononi.

Najua wapo watakaonijibu kwamba niolewe, yaishe. Tafadhali wamsome tena yule dada mwenye mume na watoto wawili.

Jana asubuhi nilimwandikia meneja barua fupi nikiomba sababu ya kunyimwa nyongeza iwekwe kwa maandishi kama alivyoitamka. Jioni ofisi ya rasilimali watu ilinipigia simu, ikasema suala hili ni dogo na ni vyema tulizungumze kwa mdomo, bila barua. Nimekataa, na kikao kimepangwa Jumatatu. Kama kuna mwenzangu aliyewahi kuipata kauli ya namna hii kwa maandishi, naomba anieleze aliipataje, na ni nani aliyekaa naye chumbani siku hiyo kama shahidi.