Kuomba Medicaid hapa Ohio baada ya kupunguziwa saa za kazi: je, hali ya mke wangu itaathiri ombi la familia nzima?

Swali, kutoka kwa Mkazi wa Columbus

Ndugu zangu, naomba ushauri wa mtu anayezifahamu taratibu za Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Tuko watatu nyumbani: mimi niliyekwisha kupata uraia, mke wangu aliyepewa kadi ya ukazi wa kudumu, yaani grinikadi, miaka miwili iliyopita, na mtoto wetu wa miaka minne aliyezaliwa hapa. Ghala ninakofanya kazi limetupunguzia saa, na kwa kuwa sasa sitimizi saa zinazotakiwa, bima niliyokuwa nikiipata kazini imekatika. Mwaka jana nilipata kama dola 41,000, lakini sasa napata takriban dola 2,700 kwa mwezi kabla ya kodi, na mke wangu bado hajaanza kazi.

Ninalotaka kujua kwanza ni kama watahesabu mapato ya mwaka jana au ya sasa, na kama fedha ninazowatumia wazazi wangu nyumbani kila mwezi zinapunguzwa katika hesabu hiyo. Pili, nimeambiwa kwamba mwenye grinikadi husubiri miaka mitano. Je, nikiliweka jina la mke wangu kwenye fomu, ombi lote litakataliwa? Wapo pia wanaotuonya kwamba tukipokea msaada huu mke wangu atanyimwa uraia, na neno hilo limemtia hofu kiasi kwamba anasema afadhali tukae bila bima. Mwisho, mwezi uliopita, bima ikiwa tayari imekatika, mtoto alipelekwa hospitali usiku akiwa anabanwa na kifua, na bili yake imeshafika.

Jibu, kutoka kwa Mjaza Fomu

Kaka, poleni, hasa kwa mtoto. Nianze na mapato, kwa sababu ndiyo yanayowakatisha wengi tamaa kabla hata hawajaomba. Medicaid huangalia mapato ya mwezi wa sasa, si ya mwaka uliopita. Kwa viwango vya mwaka 2025, mtu mzima katika familia ya watu watatu anastahili endapo mapato ya familia hayazidi asilimia 138 ya kiwango rasmi cha umaskini, yaani takriban dola 3,065 kwa mwezi, na dola zako 2,700 ziko chini ya hapo. Kwa mtoto kikomo kiko juu zaidi, kwani Ohio huwapokea watoto hata mapato ya familia yanapofika mara mbili ya kiwango cha umaskini. Haya yanawezekana kwa kuwa Ohio ni miongoni mwa majimbo 40 yaliyokubali upanuzi wa Medicaid, yaani kuwapokea watu wazima kwa kigezo hicho cha mapato, uliotokana na sheria ya mwaka 2010. Ungekuwa Texas au Florida, mtoto angepata, lakini wewe kwa mapato hayo hayo usingepata, na ndiyo maana nawasihi watu wasiyategemee majibu ya ndugu anayeishi jimbo jingine.

Ambatisha hati zako za mshahara za wiki nne za karibuni, pamoja na barua ya mwajiri inayotaja saa zako mpya. Karani akiona hati ya zamani yenye saa za ziada na hana kingine mkononi, atapiga hesabu kwa hiyo hiyo.

Kuhusu wazazi, jibu ni gumu, na naelewa uzito wake kwa mtu anayebeba nyumba mbili. Fedha unazowatumia hazipunguzwi. Wala wao hawahesabiwi kuwa sehemu ya familia yako, kwa sababu hesabu ya Medicaid inafuata fomu ya kodi, na sheria ya kodi haimruhusu mzazi ambaye si raia wala mkazi wa Marekani, Kanada au Meksiko kuandikwa kuwa tegemezi wako.

Bili ya hospitali usiilipe kwanza. Fomu inauliza kama kuna mtu mwenye gharama za matibabu za miezi mitatu iliyopita, nawe jibu ndiyo. Kama mtoto alikuwa anastahili mwezi ule na hospitali inapokea Medicaid, gharama hiyo inaweza kulipwa ingawa ombi limekuja baadaye. Wapigie watu wa idara ya malipo ya hospitali na uwaeleze kwamba ombi liko njiani, ili bili isipelekwe kwa wakusanya madeni.

Jibu, kutoka kwa Dada Mkalimani

Naomba kumjibu shemeji hasa kuhusu mkeo, maana hofu aliyo nayo naikuta kila mara ninapotafsiri kwenye ofisi na zahanati, na imewanyima matibabu watoto ambao ni raia kabisa.

Kila mtu katika familia huamuliwa peke yake. Unaweza kuomba kwa ajili yako na mtoto, ukamtaja mkeo kuwa mwanafamilia asiyeomba, na kwa mtu asiyeomba hawaruhusiwi kulazimisha namba ya hifadhi ya jamii wala maelezo ya uhamiaji. Wanachohitaji ni mapato yake, kama yapo. Kusubiri miaka mitano ni kweli kwa watu wazima wengi wenye grinikadi, ila Ohio imewaondolea sharti hilo watoto na wajawazito, kwa hiyo akipata mimba aombe mara moja. Tena, kwa kuwa wewe ni raia na mnaishi pamoja, mkeo anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitatu ya grinikadi, na akishaapishwa sharti la kusubiri halimhusu tena. Kwa sasa atafutiwe bima yenye ruzuku kwenye HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya kununulia bima. Kupotea kwa bima ya kazini kunawapa siku 60 za kujiandikisha nje ya msimu wa kawaida, na siku hizo zinahesabiwa tangu bima ilipokatika, kwa hiyo msichelewe.

Kuhusu uraia, kipimo cha kuwa mzigo kwa serikali huwapima watu wanaoomba viza au grinikadi. Mkeo amekwisha kulipita lango hilo, na kipimo hicho si sehemu ya ombi la uraia. Jambo la kuangalia ni safari: akikaa nje ya nchi zaidi ya siku 180 mfululizo, anaweza kupimwa upya anaporudi, na hapo azungumze na wakili wa uhamiaji kabla ya kuondoka.

Mkitaka mkalimani wa Kiswahili, ombeni. Ni haki yenu bila malipo. Tafadhali msimtumie mtoto wa jirani.

Swali la nyongeza, kutoka kwa Mkazi wa Columbus

Nawashukuru sana, na mke wangu amesoma mwenyewe majibu haya. Je, baada ya kutuma ombi tusubiri kwa muda gani, na tukishakubaliwa kuna la kufanya tena?

Jibu, kutoka kwa Mjaza Fomu

Uamuzi unatakiwa kutoka ndani ya siku 45, au 90 kama ombi linahusu ulemavu. Katikati ya muda huo huja barua ya kudai vielelezo, na tarehe ya mwisho mara nyingi imo ndani ya aya, haikukolezwa wino. Itafute, uipigie mstari, na unapopeleka karatasi uombe risiti yenye tarehe. Ukikataliwa, barua yenyewe itaeleza namna ya kukata rufaa.

Baada ya kukubaliwa, toa taarifa kila mkihama nyumba au mapato yakibadilika. Ukaguzi mkubwa wa kuona nani bado anastahili Medicaid uliporejea nchi nzima mwaka 2023, wengi wa walioondolewa hawakuthibitika kuwa na mapato makubwa. Walipoteza bima kwa sababu ya karatasi ambazo hazikurudishwa au barua zilizokwenda kwenye anwani ya zamani. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 inaongeza kazi hiyo: kufikia Januari 2027, watu wazima walioingia kupitia upanuzi watatakiwa kuthibitisha saa 80 za kazi kwa mwezi na kukaguliwa kila miezi sita. Mzazi wa mtoto wa miaka 13 au chini amesamehewa sharti la saa, nawe umo, lakini cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiwe tayari. Kwa jirani zetu wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawana grinikadi, sheria hiyo hiyo inawafungia wengi mlango wa Medicaid kuanzia Oktoba 1, 2026, kwa hiyo aliyekwisha kutimiza mwaka mmoja hapa na hajaomba grinikadi aanze sasa.