Nimepima nikapatikana na korona. Nijifungie siku ngapi? Niko Likoni

kijana_wa_timbwani: Asalaam aleikum wanajukwaa. Jana nimepima kwa kile kifaa cha puani, mstari wa T, ule wa kuonyesha korona, umetoka lakini hafifu, mpaka ukiinue dirishani ndio uuone. Homa ilinianza Ijumaa iliyopita, leo Jumatano koo lawasha na harufu ya kahawa siisikii. Naishi peke yangu. Swali langu ni moja tu: siku ngapi? Ijumaa hii nna safari ya Malindi.

BintiMvita: Korona? Si ilishapanda jahazi ikarudi kwao? Ugua pole lakini.

nesi_wa_zamu: Ijumaa ilipoanza homa ihesabu sifuri, Jumamosi ndiyo siku ya 1. Shirika la Afya Duniani tangu Januari 2023 lasema mwenye dalili akae kando siku 10, asiye na dalili 5, na ukipima tena ukakuta T haipo waweza kutoka mapema. Zako zinakwisha Jumatatu ijayo. Malindi kwa matatu keshokutwa, hapana. Na mstari hafifu ni mstari, bora uwe uliusoma ndani ya muda wa kwenye karatasi, vingi ni dakika 15 hadi 20.

fundi_maabara: Kifaa kilikaa wapi kabla ya kupima? Vingi vyataka joto la kati ya nyuzi 2 na 30, na gari lililoegeshwa juani Mombasa hii lapita hapo kabla ya adhuhuri. Tazama tarehe ya mwisho. Mstari wa C, ule wa kuthibitisha kuwa kifaa chafanya kazi, usipotokea, tupa hata kama T iko. Na matone: pakiandikwa matatu, watu hutia sita wakidhani wanasaidia, maji yakafurika na rangi ikasambaa. Ukija kukiangalia baada ya nusu saa ukaona kivuli cha mstari, hicho si jibu.

mzee_wa_bao: Mwarobaini, shuka zito, sufuria ya maji yachemkayo. Kesho mzima.

nesi_wa_zamu: Mzee wangu shikamoo, lakini mvuke hauui virusi, na sufuria ikipinduka chini ya shuka huunguza mapaja. Kijana, Malindi kuna nini kisichongoja?

kijana_wa_timbwani: Si mimi hasa. Nampeleka mama kwa dada akamwangalie kule. Yuko chumba cha pili, yuwakohoa tangu Jumapili. Ana miaka 68.

nesi_wa_zamu: Ana sukari? Presha? Ameza nini?

kijana_wa_timbwani: Sukari ya siku nyingi, atumia metformin. Lakini nishamwanzishia dawa, deksa (deksamethasoni) na azithro (azithromycin), tangu Jumatatu asubuhi. Duka la dawa ndilo lililonipa. Deksa ndiyo iliyookoa watu 2020, msije mkaniambia haifai.

mzee_wa_bao: Mama hasafirishwi kama gunia la nazi. Vijana wa siku hizi mama akikohoa tu, watafuta wa kumwachia.

mfamasia_kongowea: Deksa iliokoa waliokuwa kwenye oksijeni. Utafiti wa RECOVERY kule Uingereza, Juni 2020: miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10. Waliohitaji oksijeni au mashine ya kupumulia vifo vilipungua, wasiohitaji hawakupata faida, na hesabu zao zikaegemea upande wa madhara. Sababu ni kazi yenyewe ya deksa, ambayo ni kutuliza kinga ya mwili ikishapandwa na wazimu, na wazimu huo kwa kawaida huja karibu na wiki ya pili. Siku za mwanzo kinga hiyohiyo ndiyo inayopigana. Kwa mwenye sukari kuna la pili: deksa huliambia ini limwage sukari, huku insulini ikikosa nguvu. Azithro nayo huua bakteria, virusi haviguswi. Sukari yake ngapi sasa?

shahidi_wa_macho: Subirini kwanza. Huyu alianza na "naishi peke yangu". Sasa kuna mama, kuna chumba cha pili, kuna dada Malindi. Hadithi hii yatungwa tukiitazama. Ikifuata namba ya M-Pesa hapa chini msishangae.

BintiMvita: Hata mimi nilinusa kitu.

kijana_wa_timbwani: Wallahi sitaki senti ya mtu. Niliandika peke yangu kwa kuwa nlijua mtanirukia. Sukari yake hii: jana saa moja asubuhi 8.6, saa kumi jioni 19.8, saa nne usiku 17.1. Leo asubuhi 9.2, sasa hivi 20.7.

mfamasia_kongowea: Mtunzi angeandika 20 tangu alfajiri. Deksa ikimezwa asubuhi, sukari hupanda baada ya chakula cha mchana, kilele chake alasiri na jioni, kisha alfajiri hushuka. Ndivyo hasa namba hizi zilivyopangika. Kijana, ya kesho usimpe. Siku tatu ni chache, haihitaji kupunguzwa pole pole, ila daktari aambiwe leo, na pakiti aione.

nesi_wa_zamu: Una kile kibanio cha oksijeni cha kidoleni?

kijana_wa_timbwani: Ninacho, lakini kimeharibika. Chasema 84, mara 79, mara hakisomi. Na mama yuwazungumza vizuri tu.

nesi_wa_zamu: Vidole vina piko?

kijana_wa_timbwani: Naam, harusi ya wiki jana.

nesi_wa_zamu: Basi hakijaharibika. Kibanio hupitisha mwanga kidoleni, na piko nyeusi yauzuia. Hina nyekundu haina neno sana. Tafuta kidole kisichopakwa, au ukigeuze kibane ubavuni badala ya juu ya kucha. Mkono uwe na joto, asiongee, ngoja dakika nzima hadi namba itulie. 95 kwenda juu ni salama, 90 hadi 94 aonwe na daktari leo, chini ya 90 usingoje hata dakika. Kwa ngozi nyeusi vifaa hivi huweza kusoma juu kuliko hali ilivyo, kwa hivyo usijipe moyo na 94. Hesabu na pumzi, dakika moja kamili, bila kumwambia unahesabu.

kijana_wa_timbwani: Kidole kidogo cha kushoto hakina piko. 91. Pumzi 26.

nesi_wa_zamu: Vuka sasa, nenda hospitali ya Makadara, usije ukatafuta feri saa nane usiku. Barakoa nyote na dereva, vioo vyote chini, mama akae wima nyuma. Beba dawa zote na pakiti zake, mashine ya sukari, na karatasi yenye namba na saa zake.

shahidi_wa_macho: Ikiwa ni kweli, ukifika tia neno.

kijana_wa_timbwani: Tuko foleni ya feri. Bado 91. Mama alalamika upepo mwingi, ataka vioo vipandishwe.